Upasuaji wa gego la mwisho: kujiandaa, siku ya tatu, na kurudi kwenye ugali

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Ahero, mwenye umri wa miaka 31, anayeuza mchele sokoni na anayemnyonyesha mtoto wa miezi minane. Gego lake la mwisho la chini, upande wa kushoto, limelala ubavu na kulisukuma jirani yake. Shavu limemvimba mara tatu mwaka huu, na sasa amepangiwa kupasuliwa mjini Kisumu kwa ganzi baada ya wiki mbili. Anauliza kama aende akiwa ameshiba au na njaa. Kama anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo kwa matatu. Kama ni kweli, alivyoambiwa na jirani aliyewahi kupasuliwa, kwamba siku ya tatu maumivu huzidi ya siku ya kwanza na hakuna la kufanya ila kuvumilia. Na kama nyanya yake ana haki anaposema kwamba gego la chini likitolewa macho hufifia.

Dada yangu, naanza na la jirani, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuumiza. Maumivu yanayopanda siku ya tatu hayapaswi kuvumiliwa. Baada ya gego la chini kutolewa kwa upasuaji, maumivu huwa makali saa chache baada ya ganzi kuisha na siku inayofuata, kisha huanza kushuka kidogo kidogo. Uvimbe wa shavu una safari yake nyingine: huendelea kupanda hadi kati ya saa 48 na 72, ndipo unapoanza kunywea. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Shavu likiwa kubwa siku ya tatu huku maumivu yakipungua, unapona vizuri. Lakini maumivu yakiwa yalishatulia kisha yakapanda upya, yakapiga hadi sikioni na kwenye kipaji cha uso, dawa ulizopewa zikashindwa kuyatuliza, na kinywa kikatoa harufu mbaya na ladha chungu, basi kuna jambo limeharibika ndani ya shimo, na jambo hilo lina tiba.

Jino likitoka, shimo lake hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa bonge lenye rangi ya wekundu mzito lililoshikamana na mfupa. Bonge hilo ni kama kigaga juu ya kidonda cha goti, ila hili liko mahali penye unyevu na msukosuko usiokoma. Linafunika mfupa na miisho ya neva, na ndani yake mwili hujenga nyama mpya, na baadaye mfupa mpya. Likichomoka au kuyeyuka kabla ya wakati wake, mfupa hubaki wazi, ukiguswa na hewa, mate na chakula. Hali hiyo tunaiita shimo kavu. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Meno ya kawaida yanapong'olewa huwapata watu wachache, kama 2 hadi 5 katika kila 100, lakini magego ya mwisho ya chini yanayotolewa kwa upasuaji huipata mara nyingi zaidi, hasa kwa wavutaji wa sigara na pale kazi ilipokuwa ngumu. Ukijitazama kwenye kioo kwa tochi ya simu, mahali palipokuwa na bonge utaona shimo tupu lenye mfupa wa kijivu au uliopauka.

Hapo rudi kliniki siku hiyohiyo. Daktari atasafisha shimo taratibu kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha ataweka dawa yenye mafuta ya karafuu, na mara nyingi maumivu yaliyokunyima usingizi hupungua sana kabla hujafika nyumbani. Huenda akakuita tena baada ya siku moja au mbili abadilishe dawa hiyo. Ninachosikitika kuona ni wagonjwa wanaokuja wakiwa wamekwisha kumeza antibiotiki za aina mbili kutoka duka la dawa, wamekesha siku nne, na wamejilaumu kwamba hawana uvumilivu. Shimo kavu kimsingi halitokani na vijidudu vya kuuawa kwa antibiotiki. Ni kidonda kilichopoteza kifuniko chake, na antibiotiki haiwezi kukirudisha.

Kwa sababu hii nina ombi moja kabla ya mengine. Ukiweza kuchagua siku, omba upasuaji ufanyike Jumatatu au Jumanne asubuhi. Siku ya tatu itaangukia katikati ya wiki, kliniki zikiwa wazi na aliyekupasua akiwapo. Ukipasuliwa Ijumaa, siku zako ngumu zaidi zitakuwa Jumapili na Jumatatu, na Jumapili kumpata daktari wa meno ni kazi.

Sasa habari ya kushiba. Kwa kuwa utapigwa ganzi ya sindano tu, utakuwa macho wakati wote, na hakuna haja ya kufunga. Kula vizuri saa moja au mbili kabla, maana baadaye hutakula kwa saa kadhaa, na mtu mwenye njaa na hofu ndiye anayezimia kwenye kiti. Piga mswaki kwa makini baada ya kula. Mambo hubadilika iwapo daktari ataamua kukulaza kwa nusukaputi au kukupa dawa ya usingizi kupitia mshipa: hapo chakula husimamishwa saa 6 kabla, na maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Uji huhesabiwa kuwa chakula. Chai ya maziwa pia huhesabiwa kuwa chakula, na nimeona operesheni zikiahirishwa kwa sababu ya kikombe kimoja tu cha chai hiyo. Piga simu uulize wazi ni njia gani itakayotumika, usikisie.

Wiki hizi mbili zina kazi nyingine. Shavu likivimba tena, au ukishindwa kufungua kinywa, usingoje tarehe uliyopewa. Nenda ukaonwe mapema. Ganzi haifanyi kazi vizuri kwenye nyama iliyowaka, kwa hiyo ufizi unaolifunika gego kwa kiasi ukiwa umewaka, mara nyingi tunasafisha kwanza na kuutuliza, kisha tunapasua. Kauli ya watu kwamba jino lililovimba haling'olewi kabisa ina kosa pia, kwa sababu jino lenye usaha ndilo chanzo cha usaha, na wakati mwingine kulitoa ndiyo tiba yenyewe. Uamuzi huo mwachie aliyekuona na kuiona picha ya eksirei. Picha hiyo ya taya zima ni muhimu kwa gego la chini, kwa sababu chini ya mizizi yake inapita neva inayotia hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Daktari anataka kujua umbali uliopo kati yake na mizizi. Mwulize akuonyeshe. Ni haki yako kuambiwa kwamba baadhi ya watu hubaki na ganzi ya mdomo au ulimi kwa wiki au miezi kadhaa, na kwamba ganzi ya kudumu ni nadra, chini ya mtu mmoja kati ya 100.

Mweleze daktari afya yako yote, hata usiyoulizwa. Hapa kwetu kando ya ziwa ninauliza kila mgonjwa kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, yeye mwenyewe na nduguze, kwa sababu ugonjwa huo umeenea Nyanza na Magharibi, na mwenye nao anahitaji maandalizi maalumu: maji ya kutosha mwilini, joto, na uangalizi zaidi, hasa akilazwa kwa nusukaputi. Taja presha, kisukari, pumu, vidonda vya tumbo, na kama uliwahi kutokwa na damu nyingi ulipojifungua au ulipong'olewa jino. Taja dawa zote, zikiwamo za mitishamba na za kupanga uzazi. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi aendelee nazo bila kuruka hata siku moja. Anayemeza aspirini ndogo kwa amri ya daktari wa moyo asiiache kwa uamuzi wake. Kama penisilini iliwahi kukuwasha mwili au kukuvimbisha, sema kabla hujaandikiwa chochote.

Nawe unanyonyesha, na najua swali hilo limo moyoni ingawa hukuliandika. Ganzi ya sindano haikuzuii kunyonyesha. Parasetamoli na ibuprofeni, kwa vipimo vya kawaida, zinafaa kwa mama anayenyonyesha, na amoksilini pia. Epuka aspirini ya kutuliza maumivu, na usikubali dawa yenye kodeini, kwa sababu inaweza kupita kwenye maziwa na kumlegeza mtoto hadi apumue kwa shida. Soma karatasi ya pakiti, maana baadhi ya dawa za maumivu ya kichwa zinazouzwa madukani zina aspirini ndani ingawa jina lake halionekani mbele. Mtafute mtu wa kumbeba mtoto siku tatu za kwanza. Mtoto wa miezi minane hupenda kuushika uso wa mamaye na kuupiga kofi la furaha, na kofi hilo likikupata upande wenye mshono utaliona.

Siku yenyewe, jiandae kwa sauti na kusukumwa. Mdomo na nusu ya ulimi vitakufa ganzi. Ufizi utapasuliwa kidogo, mfupa unaolifunika gego utachongwa kwa mashine inayotoa maji, gego litakatwa vipande ili litoke bila nguvu nyingi, kisha utashonwa. Kazi nyingi za namna hii huchukua kati ya dakika 20 na 45. Utasikia mtetemo na shinikizo, na taya litachoka kwa kufunguliwa. Maumivu makali hupaswi kuyasikia. Ukiyasikia inua mkono wa kulia, kazi isimame, uongezewe ganzi.

Ukitoka utauma kitambaa cha shashi kwa dakika 30 hadi 60. Ukiume kweli, kwa mkazo usiokatika, bila kukitoa kila baada ya dakika tano kutazama. Kurudi Ahero siku hiyohiyo kunawezekana, kwa sharti kwamba damu imesimama kabla hujaondoka kliniki, kwamba una mtu wa kuandamana nawe, na kwamba hukupewa dawa ya usingizi. Panda matatu, kaa kiti cha mbele ukiweza, na usipande bodaboda: vumbi, mtikisiko na kofia ngumu inayobana shavu havikufai siku hiyo. Meza dawa ya maumivu ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Ganzi ya taya la chini hudumu kama saa mbili hadi nne, na ikiisha ukiwa hujameza kitu, utakuwa unayakimbiza maumivu usiku kucha.

Kwa mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi, mpango ninaoupenda ni parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, pamoja na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 baada ya kula, kwa siku mbili au tatu. Dawa hizi mbili zikitumiwa pamoja hutuliza maumivu ya meno vizuri kuliko moja peke yake. Usizidishe vidonge 8 vya parasetamoli katika saa 24. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Usiweke kidonge cha aina yoyote juu ya ufizi. Aspirini huuchoma ukabaki mweupe na kidonda juu ya kidonda.

Saa 24 za kwanza ni za kulilinda bonge la damu, na makatazo yote utakayopewa yanatokana na hilo. Usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinywe kileo, usile wala kunywa chochote cha moto. Mate yenye wekundu yameze au yaache yadondoke; damu kidogo ikichanganyika na mate huonekana nyingi. Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili. Weka barafu nje ya shavu, imefungwa kitambaa, dakika 15 ikiwapo na dakika 15 ikiondolewa, siku hiyo na inayofuata. Zile pakiti ndogo za maji yaliyogandishwa zinazouzwa madukani zinatosha. Damu ikianza kutoka upya, keti wima, kunja shashi au kitambaa safi kiwe kinene, kiweke juu ya shimo na ukiume dakika 30 bila kukiondoa. Ukikosa shashi, mfuko wa majani ya chai uliolowekwa kwenye maji na kukamuliwa husaidia, kwa kuwa chai ina tanini, kitu kinachokaza mishipa midogo.

Baada ya saa 24 ndipo maji ya chumvi yanapoanza: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu. Yashike kinywani, inamisha kichwa upande huu na ule, kisha yaache yamwagike yenyewe. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa wiki moja. Meno mengine yapige mswaki kama kawaida, ukikwepa mshono.

Chakula cha siku mbili za kwanza kiwe laini na kilichopoa: uji mwepesi usio na vipande, maziwa mala, parachichi, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, mayai ya kukoroga, supu ya samaki iliyochujwa. Nakuonya juu ya wali, nikijua wewe ni muuza mchele. Punje ya wali ni ndogo, laini na ya kunata. Huteleza shimoni ikakaa humo, na usipoiona huanza kunuka. Uache wiki nzima. Omena, yaani dagaa, nao waache kwa ajili ya miiba. Ugali laini unaweza kuuanza siku ya nne au ya tano, tonge dogo, ukitafuna upande wa kulia. Taya litakuwa gumu kufunguka kwa wiki moja, wakati mwingine mbili. Baada ya siku ya pili badilisha barafu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, na zoeza kinywa kufunguka taratibu mara kadhaa kwa siku.

Nyanya yako nampa heshima yake, lakini kuhusu macho hakuambiwa sawa. Hisia za meno hubebwa na neva moja, na kuona hubebwa na neva nyingine kabisa inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Kulitoa gego hakuigusi. Mkumbushe kwa upole wazee wa Kijaluo waliotolewa meno sita ya mbele ya chini ujanani kwa desturi ya nak, bila ganzi yoyote. Wengi wao walizeeka wakiona vizuri, na waliofifia macho walifikwa na mtoto wa jicho na uzee, kama watu wengine.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi. Ukishindwa kumeza mate, sauti ikiwa nzito, uvimbe ukishuka chini ya taya na shingoni, ulimi ukihisi umeinuliwa kutoka chini, au ukipumua kwa shida, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Kwa walio karibu na Kisumu ni hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile watu wanayoiita Russia. Vivyo hivyo kama damu haijasimama baada ya kuuma shashi mara mbili kwa nusu saa. Homa inayozidi nyuzi 38 baada ya siku ya pili nayo ishughulikiwe. Kano, uwanda wenu wa Ahero, ni nchi ya mbu, na homa huko huhesabiwa malaria kabla haijapimwa. Pima malaria, ndiyo, lakini hata kipimo kikionyesha kwamba unayo, onyesha pia kidonda. Mdomo wa chini ukibaki na ganzi siku inayofuata, mpigie daktari wako simu siku hiyohiyo ili aiandike na kuifuatilia.

Sokoni unaweza kurudi siku ya nne, ukikaa na kupima mchele kwa debe dogo. Magunia wabebe wengine kwa wiki nzima, maana kuinua mzigo hupandisha msukumo wa damu kichwani na mshono ukaanza kuvuja. Uliza ni nyuzi gani zilizotumika: za kuyeyuka huanguka zenyewe katika wiki moja au mbili, na za hariri hutolewa siku ya saba. Ufizi hufunga kwa wiki mbili hadi tatu, lakini mfupa wa ndani huhitaji miezi kadhaa kujaa, na kati ya wiki ya pili na ya nne, wakati ambapo mtu hujiona amepona, taya bado ni dhaifu pale gego lilipotoka. Ni nadra, lakini taya limewahi kuvunjika wakati huo kwa kutafuna kitu kigumu. Kwa hiyo miwa, mahindi ya kuchoma, nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) isiyoiva vizuri na mifupa viache kwa wiki sita, na chupa ya soda ifunguliwe kwa kifungulio.